Jina la Bahasha na Mpaka wa Mji

Ndugu yangu mmoja wa ukoo, mtu mzima aliyefundisha katika shule za msingi miaka thelathini na mitatu bila ya kupumzika ila kwa maradhi, alipopokea kiinua mgongo chake alinunua kiwanja upande wa kusini wa Dar es Salaam, mbele ya Mbagala, mahali ambapo mtu apitaye barabarani haoni tofauti yoyote kati ya nyumba za mjini na nyumba zinazofuata, kwa kuwa mabati ni yale yale, maduka ni yale yale, na makondakta wa daladala huita vituo kwa sauti ile ile. Karatasi ya mauziano ilisema kiwanja kiko Dar es Salaam. Muuzaji alikuwa na sanduku la posta la Dar es Salaam, mnunuzi alikuwa na lake, na mashahidi wawili waliandika yao, ya Dar es Salaam vile vile. Na kwa kuwa anwani nne zilikubaliana hivyo, hakuna aliyeona haja ya kuuliza swali la tano, nalo ni kiwanja chenyewe kilikuwa chini ya mamlaka ya nani. Alipokwenda ofisi ya ardhi ya mjini kutafuta hati, aliambiwa faili halionekani. Akarudi mara ya pili, akarudi mara ya tatu, mpaka kijana mmoja mwenye insafu akamfunulia ramani na kumwonyesha kwamba ardhi yake imo katika Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani, na tena imo ndani ya ardhi ya kijiji.

Nimeanza na kisa cha mtu wa nyumbani ili msomaji ajue mapema kwamba hili si suala la wachora ramani peke yao. Jina la mji liandikwalo juu ya bahasha limewekwa kwa maslahi ya mpeleka barua, ili ajue waraka autie mfuko gani na aupakie gari gani. Mpaka wa mji umewekwa kwa maslahi ya raia, ili ajue ni nani amtozaye kodi, nani ampaye maji, diwani gani ampigie kura, na akidhulumiwa abishe mlango gani. Mambo haya mawili hukaa kwa amani mji ukiwa mdogo, maana eneo la posta na eneo la baraza la mji huwa karibu sawa. Lakini mji ukifurika na kumwagikia viunga vyake, jina hutangulia na mpaka hubaki nyuma, na yule akaaye katikati huishi kwa dhana mahali palipotakiwa yakini.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tulirithi sanduku la posta, kijumba kidogo cha chuma kilichopangwa ukutani pamoja na wenzake mamia, ambacho mtu hukifungua kwa ufunguo wake na kutoa alichoandikiwa. Sanduku hilo lilitufaa sana, na hata leo linatufaa. Walimu wa shule nzima hupokea barua kwa sanduku la shule. Waumini hupokea kwa sanduku la msikiti au la kanisa. Kijana aliyetoka Lindi akapanga chumba Tandika hutumia sanduku la mwajiri wa mjomba wake. Wazee wetu hawakudanganyika nalo hata kidogo, kwa sababu kila mmoja alijua kwamba sanduku ni mahali pa barua na kwamba mwenyewe hulala kwingine. Hatari iliingia pole pole, pale fomu za mikopo, za mauziano, za hospitali na za shule zilipoweka mstari mmoja tu ulioandikwa "anwani", na sisi tukaujaza kwa sanduku, na msomaji wa fomu akachukulia kwamba ameambiwa makazi.

Lakini nchi ambayo imeyaonja mambo haya kwa kiasi kikubwa kuliko yetu ni Marekani, na inafaa tuitazame kwa makini, maana yaliyompata mwenzio yana elimu ndani yake. Mwaka 1943 posta ya huko ilianza kuigawa miji mikubwa kwa namba ndogo za kanda. Mwaka uliofuata Robert Moon, mtumishi wa posta wa Philadelphia, alipendekeza namba ya tarakimu tatu itakayoonyesha kituo kikuu cha kuchambulia barua. Na tarehe 1 Julai 1963 ndipo ilipoanza kutumika namba kamili ya tarakimu tano iitwayo ZIP. Tarakimu ya kwanza huonyesha fungu la majimbo, kuanzia 0 kwenye kaskazini ya mashariki hadi 9 kwenye pwani ya magharibi. Mbili zinazofuata huonyesha kituo cha uchambuzi. Mbili za mwisho huonyesha posta au eneo la kugawia barua. Ukizichunguza tarakimu zote tano hutakuta ndani yake meya, wala diwani, wala mkusanya kodi. Na jina la mji linaloandikwa kando ya namba hiyo ni jina la posta ihudumiayo mahali hapo, ambayo huenda ikawa posta ya mji jirani, au ya mji uliomezwa zamani, au ya mji mkubwa ulio maili nyingi kutoka mlangoni kwa mtu.

Fauka ya hayo, namba ile kwa hakika si kipande cha ardhi. Ni fungu la njia azipitazo mpeleka barua, barabara hii na ile, jengo hili na lile, na posta huweza kuzibadili kwa manufaa ya kazi yake bila ya kumwuliza mwananchi yeyote, na haina kosa kwa hilo. Watu wa sensa wa Marekani walipotaka kuhesabu watu kwa namba hizo, ilibidi kwa sensa ya mwaka 2000 wachore maeneo yao wenyewe yanayozikaribia tu, kwa kuwa maeneo ya asili hayakuwapo.

Mfano ulio mashuhuri ni ule wa Las Vegas, katika jimbo la Nevada. Ile barabara ya mahoteli na majumba ya kamari inayojulikana dunia nzima, sehemu yake kubwa haimo katika mji wa Las Vegas. Mwaka 1950, meya wa mji alipotaka kuitia barabara hiyo ndani ya mipaka yake ili apate kodi, wenye majumba yale waliiendea serikali ya Wilaya ya Clark, na likaundwa eneo lenye jina la Paradise, lisilo na meya wala baraza lake la mji, linaloangaliwa na makamishna wa wilaya. Uwanja mkuu wa ndege umo Paradise. Chuo Kikuu cha Nevada kilichoitwa kwa jina la Las Vegas kimo Paradise. Hata lile bango maarufu la kuwakaribisha wageni Las Vegas, lililosimamishwa mwaka 1959, limesimama nje ya mji. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta huko wakazi zaidi ya laki moja na tisini elfu, na barua zao zote zimeandikwa Las Vegas. Matajiri wale walijua vyema tofauti ya jina na mpaka, wakalichukua jina kwa biashara na kuukwepa mpaka kwa kodi. Mfanyakazi wa jikoni aliyehamia juzi hana elimu hiyo, naye ndiye apasaye kufundishwa.

Mfano wa pili uko karibu na sisi kwa lugha. Nje ya Atlanta, katika jimbo la Georgia, kuna mji mdogo wa Clarkston ambao kwa miaka mingi umewapokea wakimbizi wa mataifa mengi, na miongoni mwao watu wa Kongo na Burundi, hata Kiswahili kinasikika huko madukani na katika nyumba za ibada. Pembeni yake uko mji wa Decatur, wenye watu kama elfu ishirini na tano na eneo lisilofika maili tano za mraba, ambao una shule zake wenyewe, mbali na shule za Wilaya ya DeKalb iliyouzunguka. Lakini jina la Decatur katika barua huenea mbali sana kupita mji huo, kusini na mashariki na kaskazini, juu ya maelfu ya nyumba zilizo chini ya wilaya tu. Basi mzazi mgeni wa nchi akipanga nyumba yenye anwani ya Decatur, kwa kuwa amesikia sifa ya shule za Decatur, huenda akafika kuandikisha mtoto na kukuta mlango si wake, na mkataba wa nyumba amekwisha kuutia saini kwa mwaka mzima. Hakuna aliyemwambia uongo: nyumba ina anwani ya Decatur kweli, na mtoto si wa shule za Decatur kweli.

Nimekaa na kuyafikiri haya mara nyingi, na kila nikiyafikiri moyo wangu hurudi kwenye mji wa Flint, katika jimbo la Michigan, kwa sababu huko tofauti ya jina na mpaka iliwagusa watoto wadogo katika damu yao.

Flint ulikuwa mji wa viwanda vya magari uliofukarika vilipoondoka viwanda hivyo, wenye watu wapatao laki moja, wengi wao weusi, na wakati wa msiba ule ulikuwa ukiendeshwa na msimamizi aliyeteuliwa na gavana wa jimbo, mwenye uwezo juu ya madiwani waliochaguliwa na watu. Kwa nia ya kupunguza gharama, tarehe 25 Aprili 2014 mji uliacha kununua maji ya Detroit, yatokayo Ziwa Huron, ukaanza kunywa maji ya Mto Flint. Maji yale ya mto yalikuwa makali, yanayokula mabomba, nayo hayakutiwa dawa ya kuyazuia yasiyale. Na kwa kuwa mabomba mengi ya kale yaliyoingia majumbani yalikuwa na madini ya risasi, sumu hiyo ilimomonyoka ikashuka pamoja na maji mpaka vikombeni, na katika chupa za watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga. Wakazi walilalamika mapema juu ya rangi, harufu, na vipele vya ngozi. Waliambiwa maji ni salama.

Sasa msomaji azingatie jiografia ya jambo hili. Maji ya mto yalitoka katika mabomba ya mji wa Flint peke yake. Vitongoji na miji midogo iliyouzunguka mji huo iliendelea kupata maji ya Detroit kama zamani, na haikudhurika. Lakini barua za sehemu kubwa ya vitongoji hivyo huandikwa Flint, kwa namba za posta za Flint. Na yapata theluthi moja ya nyumba zilizo na namba za posta za Flint zilikuwa nje ya mji. Maofisa wa afya wa jimbo walipoangalia vipimo vya damu vya watoto, walivipanga kwa namba za posta. Kwa njia hiyo mtoto aliyekunywa maji ya mto na mtoto asiyeonja hata tone lake waliwekwa katika safu moja, wakahesabiwa pamoja, wakagawanywa pamoja. Na hesabu ilipotoka, uzima wa yule wa nje ulikuwa umeufunika ugonjwa wa yule wa ndani, mithili ya dawa iliyozimuliwa kwa maji mengi hata isionjeke.

Waliofichua ukweli walikuwa daktari na mjuzi wa jiografia. Daktari Mona Hanna-Attisha, mganga wa watoto katika hospitali ya Hurley, alichukua vipimo vya damu vilivyokuwa katika kumbukumbu za hospitali yake, na tarehe 24 Septemba 2015 akasimama mbele ya waandishi wa habari kutangaza alichokiona. Wakuu wa jimbo walimpinga hadharani, wakisema hesabu zao hazionyeshi hivyo. Aliyefanya kazi naye, Richard Sadler wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, mzaliwa wa huko huko Flint, aliujua mji wake kwa miguu, na aliona papo hapo kasoro ya hesabu za namba za posta. Akakichukua kila kipimo akakiweka juu ya ramani kwa nyumba yake halisi, akawatenga waliomo ndani ya mpaka na waliomo nje. Ilipochapwa kazi yao mwaka 2016 ilionyesha kwamba ndani ya mji sehemu ya watoto wa chini ya miaka mitano waliokuwa na kiasi cha risasi kilichovuka kadiri ilikuwa imepanda kutoka asilimia 2.4 hadi asilimia 4.9 baada ya kubadilishwa maji, na katika mitaa ambayo maji yake yalikuwa na risasi nyingi kuliko mingine ilikuwa imepanda kutoka asilimia 4.0 hadi 10.6. Mwanzo wa Oktoba 2015 jimbo lilikiri kwamba daktari alisema kweli, na tarehe 16 ya mwezi huo Flint ulirudishiwa maji ya Detroit.

Miezi kumi na minane kasoro siku chache ilikwisha kupita. Madini ya risasi yakiingia katika bongo changa hayana dawa ya kuufuta uharibifu wake. Sisemi kwamba namba za posta ndizo zilizoleta sumu, la hasha. Sumu iliingia kwa ubahili na kwa kuwadharau maskini. Lakini msiba ulipokuwapo, na watu walipoanza kuuliza, namba za posta ziliwapa wakuu jibu la kuwatuliza, na jibu hilo lilikuwa na sura ya elimu, lenye safu na asilimia, ilhali msingi wake ulikuwa ni njia ya mpeleka barua. Mimi sioni mfano wenye uzito kuliko huu wa kumwonya mtumishi wa umma asihesabu watu kwa bahasha zao.

Turudi kwetu. Tangu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 na uchaguzi wa Machi 2013, nguvu nyingi za serikali zilishushwa kwenye kaunti: zahanati, leseni za biashara, kodi ya ardhi, barabara ndogo, usimamizi wa maji. Mtu akaaye Ruaka hufanya kazi Nairobi, husema naishi Nairobi, na pengine sanduku lake la posta liko Nairobi; ila gavana wake ni wa Kiambu. Wa Ongata Rongai na Kitengela ni wa Kajiado. Wa Syokimau na Mlolongo ni wa Machakos. Pwani, aliye Mtwapa huitwa mtu wa Mombasa na marafiki zake wote wa bara, lakini akivuka daraja la mkono ule wa bahari amekwisha kuingia Kilifi. Na hoteli za Diani, ambazo watalii huziita za Mombasa, ziko Kwale. Hata mwandishi wa magazeti huteleza hapo, akaandika habari ya mafuriko ya Nairobi kwa mtaa usiokuwa wa Nairobi, na lawama zikaelekea ofisi isiyohusika, na ile ihusikayo ikanyamaza kimya kwa kuwa hakuna aliyeitaja.

Dar es Salaam ina tatizo lake la namna ya pekee, maana jina hilo moja hubeba vitu viwili vya kisheria. Upo Mkoa wa Dar es Salaam, ambao sensa ya tarehe 23 Agosti 2022 iliukuta na watu 5,383,728. Na lipo Jiji la Dar es Salaam, ambalo tangu Februari 2021, Rais John Magufuli alipoivunja halmashauri ya jiji ya zamani na Manispaa ya Ilala ikapandishwa cheo kuwa jiji, ni Ilala peke yake. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni ni manispaa zilizo ndani ya mkoa na nje ya jiji. Basi mkazi wa Gongo la Mboto, nyumba yake ya udongo mwishoni mwa barabara, yumo jijini kwa sheria. Na mkazi wa Masaki, aliyezungukwa na balozi za mataifa, hayumo. Nimewauliza watu waliosoma, wakiwemo wenye vyeo, na wengi wao walistaajabu kusikia haya. Sioni aibu yao katika hilo. Naona upungufu wa serikali katika kuwaeleza raia wake jambo liwahusulo kila siku.

Na nje ya mkoa kiko kile kiunga kirefu kinachozidi kurefuka: Mapinga na Kerege kwenye njia ya Bagamoyo, upande wa pili wa Kiluvya ulio chini ya Kisarawe, Vikindu kwenye njia ya Kilwa. Watu wa huko huamka alfajiri, huja mjini, hurudi usiku, na katika mioyo yao ni watu wa Dar es Salaam. Matangazo ya viwanja vyao husema Dar es Salaam. Hapa ndipo jina linapokuwa na bei, maana kiwanja chenye jina la mji huuzwa ghali kuliko kiwanja chenye jina la wilaya ya shamba, na tofauti hiyo ya fedha mnunuzi huilipa kwa kitu ambacho mpaka haukumpa.

Tena mnunuzi hununua sheria pasipo kuijua. Tanzania ilitunga mwaka 1999 sheria mbili za ardhi kwa pamoja, Namba 4 na Namba 5, na ya pili yake ni ya ardhi ya vijiji. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, wala haigawiwi bila ya ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Na mwenye haki ya kimila hawezi kuikamilisha biashara ya kumhamishia mgeni asiyekaa pale mpaka halmashauri hiyo iridhie. Hati yake ni nyingine, ofisi yake ni nyingine, baraza la kuamua ugomvi wake ni jingine. Mtu aliyelipa fedha zote mbele ya wakili mjini, akapewa karatasi yenye mihuri, na hakukanyaga ofisi ya kijiji hata mara moja, ana karatasi nzuri na haki dhaifu. Ndivyo alivyokuwa ndugu yangu mwalimu.

Najua nitajibiwa kwamba mji ni watu wenyewe wala si mistari, na kwamba aliyeishi Mbezi miaka arobaini hawezi kuambiwa na karatasi kwamba si mtu wa jiji. Jibu hilo lina haki yake, na mimi sitaki kumnyang'anya mtu jina alipendalo. Jina la mji hubebwa katika maombolezo, katika mpira, katika nasaba ya mtoto aliyezaliwa huko, na mpaka wa halmashauri hauna ruhusa ya kuingia humo. Aidha huenda mipaka yenyewe imechakaa, na viunga vilivyokwisha kuwa mji vyastahili kuingizwa mjini, vipate zimamoto, mifereji na taa za mjini. Kama ni hivyo, basi neno hilo lisemwe wazi, lipelekwe kwa wenye mamlaka, wakazi waulizwe, faida na kodi ziwekwe mezani pamoja. Kinachodhuru ni kuacha mpaka pale pale na kumwacha mkazi aamini kwamba umesogea kwa sababu tu barua yake inasema hivyo.

Kwa bahati njema Tanzania imejiwekea msingi ambao Marekani haikuupata. Postikodi yetu ya tarakimu tano hutolewa kwa kata, na kata ni eneo la utawala lenye diwani wake. Kwa hiyo namba yetu, tofauti na ile ya ZIP, hufuata mpaka wa raia. Mwaka 2022, kabla ya sensa, nchi nzima iliingia katika kazi ya anwani za makazi, barabara zikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na vibao vikapigiliwa kutani. Ilikuwa kazi kubwa, na waliokwenda nyumba kwa nyumba juani wanastahili shukrani. Lakini nenda leo katika ofisi nyingi, chukua fomu, tazama mstari wa anwani: bado ni S.L.P., na baada yake nukta za kujazia jina la mji. Vibao viko ukutani na fomu ziko karne nyingine.

Ninayoyataka ni machache, wala hayahitaji fedha nyingi. Fomu yoyote ya umma itenge mstari wa barua na mstari wa makazi, na huu wa pili utaje mtaa au kijiji, kata, na halmashauri. Karatasi ya mauziano ya ardhi isiyotaja kijiji au mtaa kilipo kiwanja chenyewe isipokelewe na wakili wala shahidi yeyote. Na mganga, mwalimu, au mtu wa takwimu anayeandika alikotoka mgonjwa wa kipindupindu asiridhike na neno "Dar es Salaam", kwa sababu kipindupindu hufuata kisima na mfereji, na kisima kina mtaa wake. Hili la mwisho ndilo ningelipenda kuliko yote litekelezwe kesho asubuhi, maana habari ya Flint hainitoki.

Ama ndugu yangu, mambo yake yamenyooka nusu. Alikwenda kijijini, akajitambulisha kwa mwenyekiti na mtendaji, akapokewa kwa heshima kuliko alivyotarajia, akaambiwa shauri lake litaingizwa katika mkutano mkuu, ambao hukaa kila baada ya miezi mitatu. Akawaachia sanduku lake la posta ili wamwarifu siku. Miezi mitatu ikapita, naye kila juma akifungua kile kijumba cha chuma pale posta ya mjini, akikikuta kitupu; alipokwenda kuuliza aliambiwa mkutano umekwisha kukaa, na kwamba tangazo lilibandikwa, kama yabandikwavyo matangazo yote ya kijiji, kwenye ubao wa nje ya ofisi, chini ya mwembe. Mtendaji alimwonyesha karatasi yenyewe, imekwisha kupauka kwa jua. Sasa kila Jumamosi hupanda daladala mpaka huko, huusoma ubao wote tangu juu hadi chini, ndipo akaenda kukitazama kiwanja chake.